Mikidadi na Mwaisha Ukingoni mwa Bwawa la Bata

Mikidadi Hatibu alipokuwa kijana alijenga ukuta wa bwawa, na katika kuujenga akapata mke. Mambo hayo mawili aliyasema kwa pumzi moja maisha yake yote. Ukimsifia ukuta atakutajia mke, ukimuulizia mke atakupeleka kwenye ukuta.

Bwawa lenyewe si kubwa. Liko ndani ya bustani ya umma, upande wa mji wa Morogoro unaoegemea mlima, na watu huliita Bwawa la Bata kwa sababu ya bata wanaoshinda humo. Sikukuu watoto huja na nguo mpya na kurudi nazo zina tope. Wanafunzi wa chuo cha Mazimbu huja wawili wawili na madaftari wasiyoyafungua. Asubuhi ambayo Uluguru imeamka bila mawingu, utauona mlima mzima umelala ndani ya maji kichwa chini.

Enzi za ujenzi, Mikidadi alikuwa ametoka kwao Kingolwira, ambako baba yake alifanya kazi stesheni ya reli. Alianza kama kibarua wa kuchanganya zege, akamaliza akiwa fundi. Mwaisha alikuwa akiteremka kutoka vilima vya Mkuyuni na beseni la magimbi ya kuchemsha, akiwauzia mafundi. Mikidadi hakuyapenda magimbi tangu utotoni. Aliyanunua kila alipomwona.

"Wewe kaka," Mwaisha akamuuliza siku moja, "mbona nikigeuka tu unampa mlinzi magimbi yangu?"

"Ni kweli, nampa."

"Sasa unanunua ya nini?"

"Nanunua ili kesho uje tena."

Wakaoana. Wakapata binti, Zuhura, ambaye sasa ameolewa Mwanza. Wakajenga nyumba ndogo mitaa michache kutoka bustanini. Mikidadi akawa fundi mwashi wa kuaminika, na Mwaisha akawa na genge lake la ndizi, viazi na viungo vilivyotoka kwao mlimani. Jioni walikwenda kukaa juu ya ule ukuta, miguu ikining'inia, Mwaisha akisimulia vituko vya wateja na Mikidadi akicheka kabla hadithi haijafika mwisho.

Kisha asubuhi moja Mwaisha alianguka jikoni. Ilikuwa kiharusi. Walimlaza hospitali, akapona kiasi cha kurudi nyumbani, lakini mkono na mguu wa kulia vilikuwa vimekufa ganzi, na maneno yalikuwa yamechanganyikana kichwani. Akitaka maji, ulimi ulitamka kuni. Akitaka kusema ndiyo, ilitoka hapana, naye alijua imetoka hapana, machozi yakamlengalenga kwa hasira. Baada ya muda akaona afadhali kunyamaza. Mwanamke aliyekuwa akisikika genge zima sasa alikaa barazani akitazama ukuta wa jirani.

Mikidadi alipunguza kazi za mbali. Alijifunza kumwogesha, kumvalisha, kumkatia ugali matonge madogo. Alijifunza hata kumsuka. Jirani yao Filomena, mama mtu mzima wa kanisani, alipoyaona mabutu ya kwanza aliyosuka Mikidadi alishindwa kujizuia.

"Shemeji, hayo ni mabutu au umepanga tofali?"

Mikidadi akacheka. Mwaisha naye midomo ikacheza kidogo upande mmoja. Filomena ndiye aliyewatafutia kiti cha magurudumu parokiani kwao, na ndiye aliyekaa na Mwaisha Mikidadi alipopata kibarua cha siku. Hivyo ndivyo walivyoishi, miezi ikapita, Mwaisha akizidi kunyamaza.

Mwaka huo huo bwawa nalo lilianza kuugua. Mipasuko iliyokuwa myembamba kama unywele ikapanuka. Upande wa mashariki ukuta ukainama kuelekea majini, na baada ya mvua moja kubwa kipande kizima kikaanguka pamoja na benchi la kukalia. Hakuna aliyeumia. Walinzi wakazungushia kamba, na wiki si nyingi baadaye mhandisi akapewa kazi ya kutengeneza kingo zote upya. Mhandisi huyo aliitwa Hosiana, dada wa Kichaga aliyesomea mambo ya maji, mpole lakini haondoki kwenye hoja yake. Aliulizia kama kuna fundi aliyeujenga ule ukuta na bado yu hai. Akaelekezwa kwa Mikidadi.

Mikidadi alikwenda amevaa shati safi. Moyoni alikuwa ameshapanga kila kitu: wataziba mipasuko, watafunga nondo mpya pale palipoanguka, watapiga plasta, na ukuta utadumu mpaka wajukuu wazeeke.

"Shikamoo, fundi," alisema Hosiana.

"Marahaba, mama mhandisi. Nimekuja tuurudishe ukuta."

Hosiana akatikisa kichwa. "Baba, hatuurudishi. Tunauvunja wote."

Mikidadi alidhani hakusikia vizuri. Hosiana akachukua nondo ndefu iliyokuwa imelala pale, akampa, akamwomba aichomeke ardhini hatua moja nyuma ya ukuta, mahali ambapo majani yalionekana ya kawaida tu. Mikidadi akachomeka. Nondo ikazama kana kwamba anaichomeka kwenye uji. Akajaribu mahali pengine, ikazama tena.

"Maji ya mvua yanashuka kutoka barabarani, yakifika hapa hayana pa kutokea," Hosiana alimweleza taratibu. "Yanausukuma ukuta kwa nyuma na kubeba udongo kidogo kidogo kupitia kwenye nyufa. Na kwa mbele, ukuta ukiwa wima hivi, mawimbi yanagonga na kuchimba chini ya msingi. Mlijenga vizuri sana, fundi. Ndiyo maana umesimama muda wote huu. Ila safari hii tunataka ukingo uliolala, mteremko wa pole wenye mawe na majani, maji yaje yapumzike badala ya kupigana."

"Majani," alisema Mikidadi. "Niuvunje ukuta wangu, nipande majani."

Aliirudisha nondo chini, akaaga kwa heshima, akaenda zake nyumbani.

Jioni hiyo alimsimulia Mwaisha kila kitu huku akimlisha. Alisimulia kwa uchungu. Alikumbusha jinsi walivyobeba mchanga mtoni kwa ndoo, jinsi fundi mkuu alivyomsifu mbele ya wenzake, jinsi wao wawili walivyokaa juu ya ukuta ule Zuhura akiwa tumboni. "Na kinachoniuma zaidi, mama Zuhura, ni kwamba yule binti anasema kweli. Nimeishika nondo kwa mkono wangu. Ndani hamna kitu. Kumbe tulikuwa tunakalia ganda."

Mwaisha alikuwa akimtazama. Akakisukuma kijiko pembeni kwa mkono wake mzima wa kushoto, akakunja ngumi, akaishusha juu ya paja lake kama nyundo.

"Vunja," alisema.

Mikidadi akasubiri kuona kama ni neno lililopotea njia. Mwaisha akashusha ngumi tena. Halikuwa limepotea njia. Lilikuwa neno la kwanza kutoka sawasawa baada ya siku nyingi, na Mikidadi akajikuta analia na kucheka pamoja, kijiko mkononi.

Akarudi bustanini kesho yake.

Wakati huo Filomena alikuwa amekwenda Ifakara kumuuguza mama yake, kwa hiyo hapakuwa na wa kubaki na Mwaisha. Mikidadi akaomba ruhusa kwa Hosiana, akaja kazini akisukuma kiti cha magurudumu. Alimweka mkewe kivulini chini ya mjohoro, akamfunika miguu, akampa kikombe chake cha chai mahali mkono wa kushoto unapofika. Ndipo akaenda kuuvunja ukuta.

Vijana wa kazi walimwachia yeye pigo la kwanza. Aliinua nyundo kubwa, akaishusha bila kugonga. Akaiinua tena. Mmoja wao, Dennis, akasogea: "Mzee, tuachie sisi, nenda kapumzike."

"Hapana. Nilikuwepo ukuta huu ukizaliwa, na kwenye maziko yake nitakuwepo."

Akageuka kumtazama Mwaisha kule kivulini. Mwaisha alikuwa ameinua ngumi. Mikidadi akagonga, zege likalia, kipande kikaporomoka majini, na bata wakaruka wakipiga kelele. Baada ya hapo hakusita tena. Jua lilipokuwa kali alikuwa tayari anawafundisha vijana mahali pa kugonga ili ukuta uachie wenyewe, maana alikumbuka viungo vyake vyote.

Kazi ya kujenga upya ilikuwa ya subira. Walichonga udongo ukawa mteremko. Vipande vya ukuta wa zamani vikapangwa chini kabisa, pale maji yanapogusa nchi kavu, viwe kizuizi, na Mikidadi ndiye aliyevipanga kimoja kimoja. Juu yake wakatandaza magunia ya mkonge na kuyapigilia vigingi, ili udongo usihame kabla mizizi haijashika. Kilichobaki ni majani. Hosiana alikuwa ameagiza miche ya vetiva, yale majani marefu yenye mizizi inayoshuka chini kama kamba. Gari lilipoyaleta, yalikuwa yamekauka njiani, mengi yamegeuka nyasi za kuwashia moto.

Hosiana alikaa juu ya jiwe, ameshika kichwa. Mvua za vuli zilikuwa karibu.

"Mama mhandisi," alisema Mikidadi, "haya majani nayafahamu. Kule kwa wakwe zangu yamejaa kwenye kingo za matuta. Waliletewa zamani kuzuia mmomonyoko. Ngoja nikaombe."

Shamba lile lilikuwa la ukoo wa mama yake Mwaisha, kama ilivyo desturi ya Waluguru, ardhi kushuka upande wa kukeni. Sasa alilitunza dada wa Mwaisha, Hafidha. Mikidadi alipanda na pikapu ya kazi mpaka barabara ilipokomea, akamalizia kwa miguu. Hafidha hakumwacha aseme maneno mengi. "Ni kwa ajili ya pale mnapokaa na mdogo wangu? Basi chimba, shemeji. Na mwambie nakuja mavuno yakiisha." Wakachimba pamoja, wakafunga mashina kwa majani mabichi ya mgomba, udongo wake ukiwa bado kwenye mizizi.

Aliporudi alishusha mzigo wa kwanza karibu na mjohoro, kwa sababu ya kivuli tu. Mwaisha akainama kwenye kiti. Akanyosha mkono wa kushoto, akachukua shina moja, akalisogeza puani. Ulikuwa udongo wa kwao, mweusi, wenye harufu ya majani ya mdalasini yaliyooza. Alifumba macho, na machozi yakamtoka bila sauti. Mikidadi alitaka kumkimbilia, Hosiana akamgusa bega, asubiri.

Mwaisha akafumbua macho, akalibana shina katikati ya magoti, akaanza kuligawa kwa vidole vyake vya kushoto: mche mmoja, mwingine, mwingine. Alikata mizizi iliyozidi kwa kucha. Alipunguza majani kwa meno. Alifanya vile alivyofundishwa na mama yake akiwa msichana mdogo, na mkono usio wake wa kazi ulikuwa unajifunza hapo hapo. Mafundi wote walikuwa wamesimama wakimtazama.

"Chini," akasema.

"Unataka kushuka chini?" aliuliza Mikidadi.

"Chini!"

Wakamshusha, wakamkalisha juu ya gunia kwenye mteremko. Hosiana alimpa sehemu iliyolala kuliko zote, lakini bado msimamizi wa vijana, Elia, alikuwa na wasiwasi. "Mama akiserereka je? Maji hayako mbali." Mikidadi hakubishana. Akatoa kanga ya Mwaisha iliyokuwa kwenye kiti, akaiunganisha na nyingine, akamfunga kiunoni, mwisho wa pili akauzungusha kwenye mkono wake. Akakaa juu ya mteremko kama mtu aliyefunga mbuzi wa thamani. Mwaisha akachimba kwa kijiti, akachomeka mche, akaukandamiza kwa ngumi, akajisogeza. Kila alipojisogeza Mikidadi alilegeza kanga. Wapita njia wakasimama kutazama, na mama mmoja alisimulia baadaye kwamba alidhani ni mchezo, mpaka alipoona uso wa yule mume.

Tangu siku hiyo Mwaisha hakukubali kubaki kivulini. Asubuhi yeye ndiye aliyemwamsha Mikidadi, kwa kumgonga mbavu. Maneno yakaanza kurudi, moja moja, mengi yakiwa ya kazi: udongo, mizizi, maji, sogea. Mengine yaliendelea kupotea. Siku moja alimwita Hosiana "fenesi" mbele ya wageni, na Hosiana akaitika. Wakacheka wote, Mwaisha kuliko wote, na kwa mara ya kwanza hakukasirika neno lilipomtoroka.

Kisha mvua zikaja mapema. Zilianzia juu mlimani mchana, Uluguru ikatoweka ndani ya wingu, na zilipofika mjini zilikuwa mvua za kuangusha ndizi. Alfajiri Mikidadi alikwenda bustanini peke yake. Mtaro wa kukusanya maji ya barabarani, ambao Hosiana aliuweka kwenye mpango, ulikuwa haujamalizika, na maji yalikuwa yamepita juu yake. Kipande kizuri cha ukingo kilikuwa kimeporomoka. Mawe aliyoyapanga yeye yalitawanyika, magunia yameraruka, na sehemu kubwa ya miche ya Mwaisha ilikuwa inaelea bwawani, bata wakiipitia katikati.

Alisimama pale akilowa. Anasema hakuumizwa na mawe. Alichokuwa anafikiria ni namna ya kumwambia. Aliwaza kumdanganya kwamba kazi imesimama, amwache nyumbani siku kadhaa, ajaribu kurudisha miche kimya kimya. Lakini alipofika nyumbani na kumkuta amekaa kitandani, amejifunga kilemba chake cha kazi kwa mkono mmoja, kilemba kimekwenda upande, uongo ukamshinda.

"Ukingo umekwenda na maji, mama Zuhura. Si wote. Ila ule wako, mwingi umekwenda."

Mwaisha alitazama mikono yake, ule unaofanya kazi umeubeba ule usiofanya. Nje mvua ilikuwa ikidondoka kwenye ndoo. Kisha akamnyoshea mumewe mkono amsaidie kushuka.

"Tena," akasema.

"Tuanze tena?"

"Tena, baba Zuhura."

Lilikuwa jina lake. Hakuwa amelisikia tangu asubuhi ile ya jikoni. Mikidadi alipiga magoti kumvalisha viatu, na alichelewa sana kuinuka.

Walianza tena. Hosiana aliwaambia wote waziwazi kwamba alipaswa kumaliza mtaro kwanza kabla ya kupanda, akaumaliza, na akakaa mwenyewe kwenye matope akipigilia vigingi na vijana. Miche mingine waliiokota majini kwa fagio, mingine Hafidha aliileta mwenyewe, akashinda siku nzima na mdogo wake mteremkoni, mmoja akigawa mwingine akipanda, wakisemeshana Kiluguru. Mikidadi anasema kwa Kiluguru Mwaisha hakupotewa sana na maneno. Labda yalihifadhiwa mahali pengine, nani ajuaye.

Masika yaliyofuata yalikuwa makubwa kuliko vuli. Ukingo ukakaa. Maji yalipanda juu ya mawe, yakalala kwenye majani, yakashuka. Mizizi ilikuwa imeshika. Leo ukienda utaona pale palipokuwa na ukuta wa zege pana mteremko wa kijani kibichi, na vyura, na kerengende wekundu, na watoto wanashuka mpaka kwenye maji bila mama zao kupiga kelele. Kipande kimoja upande wa kaskazini bado kinasumbua, majani yake hayanenepi, na Hosiana huja kukiangalia mara kwa mara akitikisa kichwa.

Mkono wa kulia wa Mwaisha haukurudi, ila vidole viwili vinaweza kushika kitu chepesi. Mguu umerudi kiasi. Kwa fimbo, na Mikidadi pembeni, anatembea kutoka kwenye kiti hadi majini. Ofisi ya bustani ilimwajiri Mikidadi kutunza kingo, na kwa kweli imewaajiri wawili, kwa sababu anayeamua lini majani yakatwe si yeye.

Zuhura alipokuja likizo kutoka Mwanza, hakuwakuta nyumbani. Akaelekezwa bustanini. Aliwaona kutoka mbali kabla wao hawajamwona: mama yake amekaa chini kabisa ya mteremko, gauni limepandishwa magotini, miguu yote miwili ndani ya maji. Baba yake alikuwa amejinyosha kwenye majani pembeni, kofia imemwanguka, amepitiwa na usingizi mdomo wazi.

"Shikamoo, mama," alisema Zuhura.

Mwaisha akageuka. Uso ukafunguka wote, upande mmoja zaidi ya mwingine. Akamnyoshea binti yake ile mikono, mzima na mgonjwa, Zuhura akateremka na viatu vyake vya safari akamkumbatia hapo hapo majini.

"Nimwamshe baba?"

"Muache," alisema Mwaisha. "Amechoka. Kaa."

Zuhura akakaa. Mama yake akaanza kumsimulia jambo fulani kuhusu bata, hadithi ndefu yenye mashimo mengi, na kila alipokwama kwenye neno alisubiri mpaka lije. Jua lilipozunguka likamwangukia Mikidadi usoni, Mwaisha, bila kukatisha hadithi, akanyosha kiganja na kumkinga macho.